Vitenzi vya kawaida vya Kiitaliano, kwa mtu aliyekiokota Malindi

Kiitaliano cha Malindi wengi wetu tumekiokota. Tumekiokota ufukweni Silversands, ndani ya tuktuk, jikoni mwa nyumba za Casuarina, kwenye vibanda vya vinyago. Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, na setilaiti yao ikarushwa kutoka baharini pale Aprili 1967, lugha yao haijaondoka hapa. Wapo watoto mjini humu wanaohesabu hadi mia kwa Kiitaliano na hawajawahi kushika kitabu chake.

Maneno basi tunayo. Camicia, shati, tunaijua, bottone, kifungo, tunakijua, quanto costa, bei gani, ndiyo usiseme. Kinachotupungua ni kitenzi. Tunakichukua kizima kizima kama kilivyo kwenye kamusi na kukitupa katikati ya sentensi: io tagliare, tu pagare, noi finire domani, yaani mimi kukata, wewe kulipa, sisi kumaliza kesho. Mteja anaelewa, anatabasamu, kazi inaendelea. Lakini mimi ni fundi wa kushona, na kwenye cherehani swali la nani na lini ni swali la pesa. Nani alipima kiuno hiki? Nani atalipa, wewe au mwenzako? Umeshakata kitambaa au ndiyo unataka kukata? Tagliare peke yake haijibu hata moja kati ya hayo. Jibu lote limo kwenye mkia wa kitenzi, na mkia ndio tunaouacha nyuma.

Kwa hiyo wasichana wanaokuja kwangu kujifunza kushona nawafundisha na mikia pia, hasa wakati wa masika, Waitaliano wakiwa wamerudi kwao na hoteli nyingi zimefunga. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Kwanza jua kwamba nusu ya kazi umeifanya

Mswahili akija kwenye kitenzi cha Kiitaliano anakuja na mtaji. Sisi tukisema "napima" hatuhitaji kutamka "mimi", maana "mimi" imo ndani ya neno. Mwitaliano naye hivyo hivyo: misuro, basi, inatosha. Ukiongeza io ni kwa kutilia mkazo, kama sisi tunavyosema "mimi napima, wewe shika futi". Ukiirudia io kwenye kila sentensi utasikika kama mtu anayegombana.

Tofauti ni mahali. Sisi mtu tunamweka mbele ya kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Wao wanamweka nyuma. Zoea kusikiliza mwisho wa neno, kwa sababu sikio letu limezoea kukaa mwanzoni.

Swali nalo halibadilishi kitu. "Unapima?" na "unapima" kwetu ni sauti tu, na kwao ni sauti tu: Misuri? Kukanusha ni kuweka non mbele: non misuro, sipimi. Na wakati uliopo wa Kiitaliano umebeba mizigo miwili yetu kwa pamoja. Misuro ni napima sasa hivi, na ni mimi hupima kila siku.

Familia tatu

Kitenzi kikiwa hakijatumika bado huishia na -are, -ere au -ire. Kazi ya kwanza ni kukata hizo herufi tatu za mwisho. Misurare ikikatwa inabaki misur-. Vendere inabaki vend-. Dormire inabaki dorm-. Hicho kilichobaki ndicho shina, na kwenye vitenzi vya kawaida shina haliguswi. Unabandika mkia mpya, umemaliza.

Familia ya -are ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoendelea kuzaa. Vitenzi vipya vinavyoingia Kiitaliano leo huingia humo, hata cliccare ya kubofya simu. Kwa hiyo anza nayo, na usiiache mpaka iwe inatoka mdomoni bila kufikiri.

Misurare, kupima:

mimi: misuro
wewe: misuri
yeye: misura
sisi: misuriamo
nyinyi: misurate
wao: misurano

Mikia ni -o, -i, -a, -iamo, -ate, -ano. Isome kwa sauti huku mkono unafanya kazi. Mimi nawapa wasichana futi ya kupimia na nguo iliyotundikwa, kila anapogusa mahali anasema: misuro, anagusa bega, misuri, anampa mwenzake futi, misura, anamwonyesha wa tatu. Mkia ukishikana na mtu aliyesimama mbele yako hautoki tena kichwani. Ukiukariri juu ya karatasi tu, utaukumbuka juu ya karatasi tu.

Ile -iamo ina faida ya ziada. Misuriamo ni tunapima, na ni tupime pia. Tagliamo ni tunakata, na ndiyo "haya tukate". Andiamo unayoisikia kila siku ufukweni, "twende", ni mkia huo huo.

Herufi h na herufi i: hapa Mswahili asome polepole

Tahajia ya Kiitaliano na yetu zinakaribiana sana, na ndiyo maana pale zinapoachana mtu anaanguka. Kwetu "ch" ni ya chai. Kwao ch ni k. Kwao c ikifuatwa na e au i ndiyo inakuwa ch ya chai. Kwa hiyo cerco, natafuta, inasomwa "cherko", na chiudo, nafunga, inasomwa "kyudo". G nayo ikifuatwa na e au i inalainika inakuwa j, na ikiwekewa h inabaki g ngumu kama ya gari.

Sasa angalia kinachotokea kwenye mkia. Chukua allargare, kuachia nguo iwe pana. Shina ni allarg-, na g yake ni ngumu. Mimi ni allargo, hakuna shida. Lakini wewe unataka mkia wa -i, na ukiandika allargi, g italainika na utasoma "alarji", neno ambalo halipo. Mwitaliano anaingiza h kuilinda sauti: allarghi. Na sisi pia, kwa kuwa -iamo inaanza na i: allarghiamo. Penginepo pote h haihitajiki: allargo, allarghi, allarga, allarghiamo, allargate, allargano.

Pagare ni hivyo hivyo, na hiki ni kitenzi ambacho hakuna fundi anayeruhusiwa kukikosea: pago, paghi, paga, paghiamo, pagate, pagano. Cercare pia: cerco, cerchi, cerca, cerchiamo, cercate, cercano. Cerchi isome "cherki". Msichana mmoja aliniuliza, "Shangazi, mbona wanajisumbua hivi, si waandike k tu?" Kiitaliano hakitumii k kwenye maneno yake, ndiyo sababu. Sauti ya kitenzi inabaki ile ile, ni maandishi yanayohama.

Kinyume chake ni vitenzi vya -ciare na -giare. Accorciare, kupunguza urefu, tayari kina i kwenye shina: accorci-. Ukibandika -i ya wewe juu yake ungepata i mbili, na Mwitaliano hataki i mbili hapo. Anaacha moja: accorcio, accorci, accorcia, accorciamo, accorciate, accorciano. Mangiare, kula, vile vile: mangio, mangi, mangia, mangiamo. Tagliare, ingawa ni ya -gliare, hufuata njia hiyo hiyo: taglio, tagli, taglia, tagliamo, tagliate, tagliano. Ile gli isomwe kama "li" iliyolainishwa, ulimi ukiwa umebandikwa juu kwenye kaakaa; taglio inakaribia "talyo".

Ukiyashika haya, familia ya kwanza yote umeimaliza, isipokuwa vichache sana kama andare, fare, dare na stare, ambavyo si vya kawaida na vina njia zao.

Mkazo: jambo ambalo vitabu havikuandikii wewe

Vitabu vingi vya Kiitaliano vinavyofika huku vimeandikwa kwa ajili ya Mwingereza. Havimwambii Mswahili jambo moja linalomhusu yeye hasa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kosa: kuPIma, naPIma, wanaPIma, cherehaNIni. Mdomo wetu umefungwa hapo tangu utotoni. Kiitaliano mara nyingi kinafanya hivyo pia, na ndiyo sababu tunasikika vizuri kwa haraka. Halafu unafika kwenye wao.

Parlano, wanasema. Mdomo wa Mswahili unataka kusema parLAno. Mwitaliano anasema PARlano. Misurano si misuRAno, ni miSUrano. Pagano ni PAgano. Tagliano ni TAgliano. Mkia wa -ano haupokei mkazo kamwe.

Kanuni ya kuipata ni nyepesi: tamka kwanza umbo la mimi, uone sauti imepanda wapi, kisha uiache pale pale ukienda kwa wao. Jozi tatu za kufanyia mazoezi: PARlo, PARlano, miSUro, miSUrano, conSEgno, conSEgnano, nakabidhi, wanakabidhi. Sauti inakaa kwenye shina na mkia unaburutwa nyuma yake kwa wepesi.

Kisha kuna vitenzi ambavyo hata umbo la mimi halifuati desturi yetu. Abitare, kuishi mahali, ni Abito, si aBIto, na wao ni Abitano. Ordinare, kuagiza, ni ORdino, ORdinano. Modificare, kubadilisha kidogo, ni moDIfico, moDIficano. Telefonare ni teLEfono, na wao teLEfonano, mkazo ukiwa silabi ya nne kutoka mwisho. Mdomo wa Kiswahili unatokwa na jasho hapo. Hakuna kanuni ya kubashiri hivi. Kila unapojifunza kitenzi kipya muulize mwenye lugha umbo la mimi, uliandike daftarini na silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa. Sisi na nyinyi havina taabu, misuRIAmo na misuRAte vinafuata desturi yetu kabisa.

Nakaa juu ya jambo hili kwa sababu ndilo linalotenganisha Kiitaliano cha kuokota na Kiitaliano kinachoheshimiwa. Mteja anaweza kusamehe neno lililokosekana. Mkazo ukihama, neno lenyewe halimfikii.

Familia ya -ere, kwa ufupi

Vendere, kuuza: vendo, vendi, vende, vendiamo, vendete, vendono.

Ukilinganisha na misurare utaona mimi, wewe na sisi hazikubadilika: -o, -i, -iamo. Yeye imekuwa -e badala ya -a, nyinyi imekuwa -ete, na wao ni -ono, nayo vile vile haibebi mkazo: VENdono. Prendere, kuchukua, mettere, kuweka, chiudere, kufunga, vyote hufuata hapo.

Kitu kimoja cha kuangalia ni kwamba jina lenyewe la kitenzi hapa lina mkazo wa namna mbili. Vendere ni VENdere, prendere ni PRENdere, lakini vedere, kuona, ni veDEre. Kilatini kilikuwa na familia nne, na mbili kati yake Kiitaliano kimeziingiza kwenye chumba kimoja cha -ere. Mkazo ndio alama iliyobaki ya zamani. Mikia yao ni ile ile.

Na kwenye leggere, kusoma, maandishi hayabadiliki lakini sauti inabadilika. Leggo ina g ngumu, leggi ni "leji", leggono inarudi kuwa ngumu. Hapa hakuna h ya kulinda kitu. Stringere, kubana nguo, ni hivyo hivyo: stringo kwa g ngumu, stringi na stringe kwa j, stringono kwa g ngumu.

Familia ya -ire na ile -isc- ya katikati

Dormire, kulala: dormo, dormi, dorme, dormiamo, dormite, dormono. Hapa umetofautiana na -ere mahali pamoja tu, nyinyi: -ite. Partire, kuondoka, aprire, kufungua, na sentire, kusikia, ni hivyo hivyo.

Lakini vitenzi vingi vya -ire, na kwa bahati ndivyo tunavyovihitaji dukani, vinaingiza -isc- kati ya shina na mkia. Finire, kumaliza:

finisco
finisci
finisce
finiamo
finite
finiscono

Sisi na nyinyi haziingizi kitu. Wengine wote wanne wanaingiza. Capire, kuelewa, ni hivyo hivyo: capisco, capisci, capisce, capiamo, capite, capiscono. Pulire, kusafisha, spedire, kutuma mzigo, preferire, kupendelea, vyote viko humu. Sc ikifuatwa na i au e husomwa "sh", ikifuatwa na o husomwa "sk". Kwa hiyo ni "kapisko", "kapishi", "kapishe", "kapiskono", na mkazo kwenye "pis": caPIscono. Watu wa Malindi capito wanaisema kutwa kucha, lakini capisce ikiulizwa juu ya mtu wa tatu wanasita.

Utajuaje kipi kina -isc- na kipi hakina? Tazama kilicho kabla ya -ire. Kukiwa na konsonanti moja na nyuma yake irabu, kama fin-, cap-, pul-, sped-, mara nyingi ni -isc-. Kukiwa na konsonanti mbili, kama dorm-, part-, sent-, apr-, mara nyingi hakina. Nasema mara nyingi kwa sababu garantire, kutoa dhamana, ina konsonanti mbili na bado ni garantisco. Na kitenzi kinachonihusu mimi kuliko vyote, cucire, kushona, kina konsonanti moja lakini hakitaki -isc- hata kidogo.

Cucire basi tuitazame kwa karibu. Shina ni cuc-, na kwenye jina la kitenzi c ya pili inasomwa ch ya chai: "kuchire". Ukibandika -o unapata "cuco", na c hiyo itageuka kuwa k. Kuilinda ch, Mwitaliano anaingiza i isiyotamkwa: cucio, isome "kucho". Wewe ni cuci, yeye ni cuce, hapo i na e zinailinda ch zenyewe. Sisi ni cuciamo. Nyinyi cucite. Wao cuciono, "KUchono". Kwenye allargare tuliingiza h ili sauti ibaki ngumu. Hapa tunaingiza i ili sauti ibaki laini. Anayeelewa viwili hivi ameelewa tahajia ya vitenzi vya Kiitaliano karibu yote.

Adabu imo ndani ya kitenzi

Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo na kwenye jina tunalomwita mtu, mama, mzee, bi. Kitenzi chenyewe hakibadiliki, bibi yako unamwambia "umekula?" kama unavyomwambia mdogo wako. Mwitaliano anaiweka ndani ya kitenzi. Mtu mzima usiyemjua humwambii kwa umbo la wewe, unamwambia kwa umbo la yeye, na kiwakilishi chake ni Lei. Rafiki yako, ukimuuliza unalipa sasa: paghi adesso? Mama wa makamo aliyeingia dukani mara ya kwanza: Signora, paga adesso?

Kiitaliano cha ufukweni kinamwambia kila mtu kwa umbo la wewe. Wageni wengi wamezoea na hawasemi kitu, na vijana wenzako watakwambia wenyewe mtumie umbo hilo. Lakini mzee wa miaka sabini aliyekuja kununua pazia, ukimwambia desidera?, ungependa nini, kwa umbo la yeye, utaona anavyogeuka kukutazama vizuri. Mimi nasisitiza hili kwa wasichana wangu kama ninavyosisitiza wasipite mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Na ni rahisi, maana hakuna mkia mpya wa kujifunza. Ule wa yeye unao tayari. Wakiwa wawili au zaidi, tumia nyinyi: pagate, prendete, preferite.

Nimepima, nimeuza, nimemaliza

Wakati uliopita wa mazungumzo unajengwa kwa maneno mawili. La kwanza ni avere, nalo si la kawaida, likariri: ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno. H haitamkwi. La pili linatoka kwenye familia zako tatu: -are inakuwa -ato, -ere inakuwa -uto, -ire inakuwa -ito. Ho misurato, nimepima. Abbiamo venduto, tumeuza. Hanno finito, wamemaliza. Ha cucito, ameshona. Mtu anabadilisha neno la kwanza tu, la pili limesimama, na hata -isc- haionekani hapa. Nimepima na nilipima kwao katika mazungumzo ni hili hili moja.

Familia ya -ere ndiyo yenye wakorofi: prendere ni preso, mettere messo, chiudere chiuso, stringere stretto. Aprire nayo ni aperto. Hivyo jifunze kimoja kimoja kinapokuja.

Vitenzi vingi vya kwenda na kurudi havitumii avere, vinatumia essere: sono, sei, è, siamo, siete, sono. Na hapo neno la pili linafuata mtu. Nimefika, mwanamume anasema sono arrivato, mwanamke sono arrivata. Sisi wanawake wa dukani ni siamo tornate, tumerudi, lakini akiwemo kijana mmoja wa kiume kati yetu inakuwa siamo tornati. Kwa mtu aliyekua na "kitambaa kimekatwa, vitambaa vimekatwa, nguo zimekatwa", upatanisho haupaswi kumtisha.

Wakati ujao upo, na mikia yake ni -ò, -ai, -à, -emo, -ete, -anno baada ya kuondoa e ya mwisho tu: venderò, finirò, na kwa -are ile a inageuka e, misurerò, pagherò. Lakini usiuharakishe. Waitaliano wenyewe kwa jambo la karibu husema kwa wakati uliopo: domani finisco, kesho namaliza. Kwa kazi ya duka hiyo inakutosha kwa muda mrefu.

Jaribu haya

Andika kwa Kiitaliano bila kurudi juu kutazama. Maneno ya kukusaidia: la vita, kiuno, le maniche, mikono ya nguo, le tende, mapazia, il filo bianco, uzi mweupe, la stoffa, kitambaa, i pantaloni, suruali, le ragazze, wasichana, venerdì, Ijumaa.

1. Napima kiuno.
2. Unapunguza suruali? (kwa mwenzako)
3. Mama, unalipa sasa au kesho? (kwa heshima)
4. Wasichana wanamaliza Ijumaa.
5. Hatuuzi kitambaa.
6. Tunashona mapazia.
7. Nimekata mikono.
8. Wanatafuta uzi mweupe.

Majibu. 1: Misuro la vita. 2: Accorci i pantaloni? Ukiandika accorcii, punguza i moja. 3: Signora, paga adesso o domani? 4: Le ragazze finiscono venerdì, aliyeandika finono arudi kwenye -isc-. 5: Non vendiamo stoffa. 6: Cuciamo le tende. 7: Ho tagliato le maniche. 8: Cercano il filo bianco, na uitamke CHERkano.